Skrini ya Flipper Zero: ubandike plastiki, hidrojeli au kioo, au uivalishe kava tu?

Mkwaruzo ulipita katikati ya mgongo wa pomboo. Mwenye Flipper Zero, kile kidude cha mkononi cha kusoma na kuiga kadi za mlango na rimoti, anamjua huyo pomboo: ni mchoro anayeishi kwenye skrini, na ndiye anayenuna ukimsusa siku kadhaa. Changu kilikaa wiki nzima mfuko wa mbele wa begi pamoja na funguo za ofisi na sarafu za chenji ya daladala. Siku ninakitoa kazini, getini kwa mteja aliyetaka kujua kama kadi zake za mlango zinanakilika, jua la saa sita linapiga na mstari mweupe unang'aa kuliko maandishi. Nikawa nakiinamisha huku na huku kama mtu anayetafuta mtandao. Mlinzi akaniuliza, "Fundi, vipi, hakisomi?" Kilikuwa kinasoma. Mimi ndiye niliyekuwa sisomi.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachobandikwa na kinachovalishwa, na vijana wa kazi hii huniuliza swali lilelile: niweke protekta gani? Muuza vifaa vya simu atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: "Weka ya kioo, bosi, hiyo 9H haichuniki." Kwa simu yuko sahihi mara nyingi. Kwa kidude hiki sikubaliani naye.

Neno moja kwanza, tusije tukapotezana. Kwa mafundi wetu kila kitu ni kioo: skrini ni kioo, kilicho juu yake ni kioo, protekta nayo kioo. Humu nikisema kioo nina maana ya kioo chenyewe, kile cha dirishani na cha glasi ya maji. Skrini nitaiita skrini.

Pale mbele pana nini

Flipper Zero ilianza kwa michango ya Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi mipya, mwaka 2020, ikakusanya zaidi ya dola milioni 4.8. Ni kidude cha sentimita 10 kwa 4, unene sentimita 2.5, uzito gramu 102, kinachotosha kiganjani. Skrini yake ni ya inchi 1.4, ya rangi moja, pikseli 128 kwa 64, yenye taa ya rangi ya chungwa kwa nyuma. Haiguswi kama ya simu. Unaiamuru kwa vitufe vya pembeni. Kumbuka hilo, maana linabadilisha hesabu nzima ya protekta.

Ukigonga dirisha lililo juu ya skrini kwa kucha, linalia kiplastiki. Watengenezaji wanataja malighafi tatu za bodi: polikaboneti, ABS na akriliki, zote plastiki. Kioo hakimo. Plastiki ngaavu ya aina hii ina tabia tatu ambazo mtu aliyezoea simu hazijui. Haipasuki kirahisi: kidude kikianguka kutoka mezani, mara nyingi kinadunda tu. Inakwaruzika upesi mno, hata kwa kitambaa kilichoshika vumbi. Halafu haipatani na baadhi ya kemikali tunazozipaka na kuzimwaga kila siku bila kufikiri.

Kwa hiyo simu na Flipper zina maadui tofauti. Simu inaogopa sakafu. Flipper inaogopa mfuko.

Ugumu, na ile 9H ya kwenye pakiti

Wajuzi wa madini hupima ugumu kwa kipimo cha Mohs, kutoka 1 hadi 10. Kilicho kigumu zaidi kinakichuna kilicho laini. Ukucha ni kama 2.5. Shaba nyeupe, ambayo ndiyo funguo nyingi za makufuli, iko karibu na 3. Kioo cha kawaida ni kama 5.5. Akriliki iko chini huko, jirani na ukucha na ufunguo. Ile 9H ya kwenye pakiti haimo kabisa kwenye kipimo hiki: ni ugumu wa penseli. Maana yake penseli ngumu kuliko zote katika seti ya majaribio haikuacha alama. Ni sifa nzuri, lakini haina uhusiano na almasi wala na 9 ya Mohs, ingawa wauzaji hawatakukatalia ukiamini hivyo.

Sasa mchanga. Ule mweupe wa fukwe za Zanzibar, unaotokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, ni chokaa, ugumu wake 3 hadi 4. Unachuna akriliki, lakini kioo haukiwezi. Vumbi la bara, la Dodoma au la Mwanza kwenye miamba ya itale, lina chembe za madini ya kwatzi, na kwatzi ni 7. Hiyo inachuna akriliki, inachuna kioo, na inachuna kile kioo cha 9H ulichokinunua kwa majigambo. Ukiona protekta ya kioo ya mtu wa Dodoma imejaa vistari kama nywele, usidhani ameuziwa feki.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu si "una shilingi ngapi", ni "unakibebaje, na unakaa wapi".

Kukiacha uchi

Hili nalo ni chaguo, na lina watu wake. Kama Flipper yako inakaa kwenye droo ya meza na inatoka kwa ajili ya kuwasha kiyoyozi kilichopoteza rimoti, huhitaji kubandika chochote. Skrini inabaki angavu kama ilivyotoka kiwandani, na mkwaruzo mwepesi ukitokea, plastiki hii inasuguliwa ikarudi, jambo ambalo kioo hakikuruhusu.

Kuna na wale wanaoacha ile karatasi ngaavu ya kiwandani, yenye kiulimi cha kuvutia, mwaka mzima. Nawaelewa, na sofa tunaziacha na nailoni zake. Ila karatasi ile imewekwa kwa ajili ya safari ya boksi. Gundi yake hafifu, kona zinanyanyuka, vumbi linaingia chini yake, na vumbi lililonaswa kati ya plastiki mbili huku kidole kikibonyeza juu ni msasa. Ama iondoe, ama weka protekta ya kweli.

Filamu ya plastiki, ya kung'aa au ya mati

Hii ndiyo protekta ya zamani, nyembamba na ngumu kidogo, iliyokuwa kwenye simu zote kabla ya vioo kuingia sokoni. Wauzaji wa simu wameisahau, na kwa Flipper ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi.

Inabandikwa kavu, haina unene wa kushikwa na mfuko, na ikichunika unaitoa na kuweka nyingine kwa bei isiyozidi sahani ya chipsi mayai. Kipande cha protekta ya tableti kinatoa vipande vya Flipper vya kutosha ukoo mzima. Kazi yake ni moja: kuchunika badala ya dirisha. Haizuii kishindo, lakini nimeshasema kishindo si ugonjwa wa kifaa hiki.

Utamu wake uko kwenye mati, yaani ile isiyong'aa. Kwenye simu ya kisasa filamu ya mati inaleta chengachenga, maana pikseli ni ndogo mno na uso wa filamu wenye vinundu unazivuruga. Piga hesabu ya Flipper: upana wa skrini ni kama sentimita 3 na una pikseli 128, kwa hiyo kila pikseli ni kama robo milimita. Unaziona kwa macho makavu. Vinundu vya filamu ni vidogo kuliko hizo pikseli, havina cha kuvuruga. Unachopata ni skrini isiyorudisha jua usoni pako, na kwa aina hii ya skrini, inayosomeka kwa mwanga wa nje hata taa yake ikiwa imezimwa, jua linageuka kuwa rafiki. Pale getini ningekuwa na mati, yule mlinzi asingepata cha kuniuliza.

Hasara yake: ndani ya chumba chenye mwanga hafifu maandishi yanaonekana yamefifia kidogo. Kabla hujailaumu filamu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya skrini na arifa, ugeuze kontrasti, yaani ukolezo wa maandishi, hatua moja au mbili. Wengi hawajui kwamba mpangilio huo upo.

Ya kung'aa ni nyangavu zaidi ndani ya nyumba, lakini inaonyesha kila alama ya kidole. Na ukivaa miwani ya jua ya polaroidi, filamu hizi zinaweza kuonyesha rangi za upinde wa mvua ukikitazama kifaa kwa pembe fulani. Hakuna kilichoharibika, ni tabia ya plastiki yenyewe.

Hidrojeli ya kukatwa kwa mashine

Pita Kariakoo au Luthuli, Nairobi, utaona vijana wana mashine ndogo mezani inayokata protekta ya simu yoyote kutoka kwenye orodha yake. Malighafi ni plastiki laini inayonyumbuka, wanaiita hidrojeli. Usishangae Flipper isipokuwemo kwenye orodha. Mwombe akukatie umbo la mstatili kwa vipimo vyako, au akukatie ya kioo cha saa kubwa ya mkononi kisha umalizie kwa mkasi.

Sifa yake ni kwamba inajiponya: mkwaruzo wa ukucha unajifuta wenyewe baada ya saa kadhaa, kwa sababu plastiki laini inarudi ilikokuwa. Inakubali pia kona zilizopinda, na haina ncha za kunyanyuka. Kwa mtu mwenye mikono mizito, ambaye hajawahi kubandika kitu bila viputo vya hewa, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Viputo vilivyobaki leo, kesho havipo.

Lakini ulaini huohuo ndio kasoro yake. Ncha ya ufunguo haiichuni, inaichoma, na shimo halijiponyi. Na joto letu nalo lina lake. Ya kwangu niliisahau kwenye dashibodi ya gari mchana mmoja, nikaikuta imejikunja pembeni na imekuwa ya njano, na gundi imebaki dirishani kama asali. Tuseme ukweli, kosa lilikuwa langu: Flipper yenyewe imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi, na dashibodi ya Dar es Salaam iliyofungiwa vioo inapita hapo bila jasho. Skrini za aina hii zikipata joto kupita kiasi huwa nyeusi zima. Poza kivulini, kwa kawaida inarudi.

Kioo

Nikirudi kwa muuza protekta na 9H yake. Kioo kina mambo mawili ya kweli. Funguo na sarafu hazikichuni, na mchanga wa pwani pia haukichuni. Na kwa kuwa skrini ya Flipper haiguswi, unene hauna madhara yoyote kwenye kazi. Huwezi kulalamika kwamba kidole hakisikiki. Kikikaa sawasawa, kinapendeza kuliko vyote. Sikukatai hapo.

Tatizo langu na kioo ni kingo. Kioo kinapendwa kwenye simu kwa sababu kinapasuka badala ya skrini. Hapa hakuna cha kupasuka chini yake. Umeweka kitu kinachovunjika juu ya kitu kisichovunjika. Kwenye begi, kingo zake zilizonyanyuka ndizo zinazogongwa na chaja, na zinaanza kumeguka. Kioo kilichomeguka kina ncha, ncha zinachuna dirisha unapokibandua, na chembe zake zinabaki zikizunguka kwenye kifuko pamoja na kifaa. Nimeona Flipper moja ambayo mkwaruzo wake mbaya kuliko yote ulisababishwa na protekta yake.

Ukikitaka bado, chukua kile kioo-plastiki kinachokunjika, si kioo kigumu kitupu, na hakikisha kipande ni kidogo kuliko dirisha kwa nusu milimita kila upande. Na usikubali kabisa kioo cha kubandikwa kwa gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya zambarau. Gundi ile hupenya popote penye upenyo, na Flipper ina vitufe, spika na mipaka ya bodi pale karibu. Haizuii maji, haizuii gundi.

Kuna na sumu moja ndani ya pakiti yenyewe. Protekta nyingi za kioo huja na vitambaa viwili: kimoja kimelowa alkoholi, kimoja kikavu. Kile cha alkoholi kwenye kioo cha simu hakina neno. Kwenye akriliki, alkoholi inaweza kuleta nyufa ndogondogo za ndani, kama utando wa buibui, hasa sehemu ambazo plastiki ina mkazo, yaani kwenye kingo na kona. Hazisuguliki. Kitupe, tumia kitambaa cha miwani kilicholoweshwa maji yenye tone la sabuni, kisha kikavu. Vivyo hivyo kwa vitakasa mikono, manukato, na zaidi dawa za kupaka za mbu zenye DEET, ambazo hulainisha plastiki nyingi. Ukijipaka dawa ya mbu jioni, nawa kabla hujashika kifaa.

Kava na kifuko

Watu wanaviweka kando kana kwamba ni pambo. Mimi naviweka mbele ya filamu kwa umuhimu.

Kava la silikoni, liwe lile la watengenezaji au la kuigiza, halifuniki skrini. Lina dirisha lililo wazi. Linachofanya ni kuinua kingo, kiasi kwamba ukikilaza kifaa kifudifudi mezani skrini haigusi meza. Linasaidia pia kifaa kisiteleze mkononi wenye jasho. Kasoro: silikoni inavuta vumbi na manyoya ya nguo, na kwenye ukingo wa dirisha la kava pana mfereji ambapo mchanga hujikusanya na kukaa. Livue mara moja kwa wiki, lioshe kwa maji. Angalia pia kama kava la kuigiza halizibi dirisha la miale ya rimoti upande wa mbele na tundu za pini juu. Nimekutana na mtu aliyeamini kifaa chake kimekufa upande wa rimoti, kumbe kimezibwa na kava.

Kifuko ndicho kinachoondoa funguo kwenye hesabu. Si lazima kiwe cha kununuliwa. Boksi gumu la miwani lenye kitambaa laini ndani linatosha Flipper na waya wake. Soksi ya mtoto nayo inatosha. Usicheke, kuna mwenzangu ana Flipper ya miaka miwili haina alama hata moja, na soksi yake ina picha ya twiga. Masharti ni mawili: ndani kuwe kifaa peke yake, na kifuko kikung'utwe. Mchanga ukiingia kwenye kifuko laini unakuwa umejitengenezea msasa wenye umbo la kifaa chako.

Basi nani achukue nini

Mtu wa ofisini na droo: acha uchi, nunua kifuko tu.

Mtu wa kazi za nje, anayekagua mageti na kadi za wateja kwa idhini yao ya maandishi (na naomba iwe ya maandishi, maana Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana ya kwao ya 2018, na hakimu hatauliza skrini yako ina protekta gani): filamu ya mati pamoja na boksi la miwani. Hicho ndicho ninachotumia mimi na sioni nikibadilisha.

Mwanafunzi anayekitupa kwenye begi na kila kitu: kava la silikoni na filamu yoyote. Hidrojeli inafaa kama hakuna funguo humo. Kama zipo, filamu ngumu ni afadhali.

Mkazi wa pwani anayekipeleka ufukweni: hapa ndipo kioo-plastiki kinapojitetea, kwa sababu ya ule mchanga wa chokaa. Ila chumvi na maji ni balaa kubwa zaidi kuliko mchanga, na hakuna protekta inayozuia maji kuingia kwenye vitufe. Mfuko wa nailoni wa kufunga kwa kubana, ule wa vitafunwa, utakusaidia kuliko vyote nilivyovitaja.

Kama kifaa chako si Flipper

Hapa uzito unabadilika, kwa sababu skrini haina kazi sawa kwenye vifaa vyote. Kwenye Flipper, skrini ikifa kabisa bado unaweza kukichomeka kwenye kompyuta na kuiona skrini yake kupitia programu ya qFlipper, ukabonyeza vitufe humohumo. Inaudhi, lakini si msiba. Utakachokosa ukiwa njiani ni ile namba ya kuunganisha na simu, inayotokea kwenye skrini, na ile ishara ya kukutaka uthibitishe unapokitumia kama ufunguo wa kuingilia akaunti.

Kwenye pochi za sarafu za kidijitali, yaani vidude vinavyotunza funguo za siri za pesa kama bitcoin, mfano Trezor ya Prague au Ledger ya Ufaransa, skrini ndiyo usalama wenyewe. Kompyuta yako inaweza kuwa na kirusi kinachobadilisha anwani ya kutuma pesa. Kidude kile kidogo ndicho pekee kinachokuonyesha anwani ya kweli kabla hujabonyeza kukubali. Mkwaruzo unaofanya herufi moja isomeke kama nyingine hapo si suala la urembo. Skrini ikififia au ikifa, usithibitishe muamala kwa kukisia. Nunua kifaa kingine, rudisha pochi yako kwa yale maneno ya siri 12 au 24 uliyopewa ulipoianzisha, ukayaandika karatasini.

Kwa hizo, filamu nyembamba ngaavu ndiyo yangu. Ledger Nano S, iliyotoka 2016, ina bamba la chuma linalozunguka na kufunika skrini ukikikunja, wazo zuri, mradi hakuna chembe ya mchanga iliyonasa kati. Trezor Model T ya 2018 ina skrini ya rangi inayoguswa, kwa hiyo unene unarudi kuwa tatizo: kioo kinene juu yake kinaweza kukufanya ubonyeze namba ya siri mara tatu. Na kwa wapenda udadisi: mwaka 2019 iligundulika kwamba kwenye baadhi ya pochi hizi umeme unaovutwa kupitia waya wa USB ulibadilika kulingana na wingi wa pikseli zinazowaka katika kila mstari wa skrini, kiasi cha kuweza kudokeza siri inayoonyeshwa. Protekta haihusiki kabisa na hilo. Dawa yake ni kusasisha programu ya kifaa, na kutokichomeka kwenye chaja usiyoijua huku maneno yako ya siri yako kwenye skrini.

Tokeni za benki, zile za kwenye ufunguo zinazotoa tarakimu sita ambazo wahasibu wa makampuni wanatembea nazo, hazifunguliwi kutengenezwa. Skrini ikifa ni kurudi tawini. Ziko kwenye pete moja na funguo, yaani ziko pale hasa zinapochunika. Kipande cha seloteipu pana juu ya kidirisha chake, kinachobadilishwa kila miezi michache, kinatosha. Nimeona wahasibu wakongwe wakifanya hivyo muda mrefu kabla sisi hatujaanza kubishana kuhusu 9H.

Kubandika

Nitasema kwa filamu, maana zingine ni hivyohivyo. Weka karatasi nyembamba juu ya dirisha, sugua ukingo kwa ubavu wa penseli mpaka umbo litokee, kata, ulinganishe, ndipo ukate filamu, pungufu kidogo kuliko karatasi. Kona zikate mviringo kwa kikata kucha. Kona kali ndizo zinazonyanyuka kwanza.

Fanya bafuni, baada ya mtu kuoga maji ya moto, mvuke ukiwa umetua. Vumbi la hewani linakuwa limeshuka nao. Zima feni. Safisha kwa sabuni na maji kidogo sana, kausha, kisha gusagusa dirisha lote kwa seloteipu kunyanyua manyoya yaliyobaki. Bandika ukianzia upande mmoja ukiiacha ijilaze yenyewe, na sukuma hewa kwa ubavu wa kadi ya ATM iliyovikwa kitambaa. Kiputo chenye nukta katikati si hewa, ni vumbi. Nyanyua kona kwa seloteipu, ligusishe vumbi, rudisha. Usilikandamize ukidhani litaondoka.

Ule mkwaruzo wangu wa kwanza niliusugua kwa dawa nyeupe ya meno, kiasi cha punje ya mchele, kwa pamba, mizunguko midogo ya dakika kumi. Ulipungua, haukuisha, ukikiinamisha kwenye mwanga wa pembeni bado unauona ukipita mgongoni kwa pomboo. Chini ya filamu ya mati, gundi imeujaza na sasa hauonekani kabisa.